Mtihani wa Watawala

Utaratibu wa China wa kuwapata maofisa wa serikali kwa mtihani wa maandishi ulianza mwanzoni mwa karne ya 7, katika enzi ya Sui, na ulifutwa mwaka 1905. Katika miaka hiyo 1,300 koo za kifalme zilipanda na kuanguka, na nchi ilitekwa na Wamongolia na baadaye na Wamanchu, lakini mtihani ulibaki. Wamongolia waliusimamisha kwa miongo kadhaa. Mwaka 1315 wakaurudisha. Namna ya kusahihisha kwa haki ilipatikana mapema. Jambo lililogombewa hadi siku ya mwisho ni kipi kiulizwe: mtu anayetaka kutawala wenzake anapaswa kujua nini?

Kabla ya mtihani, vyeo vikubwa vilikwenda kwa mapendekezo. Chini ya ukoo wa Han magavana waliagizwa kupeleka mji mkuu majina ya watu wenye adabu na uadilifu. Kuanzia mwaka 220 waliwekwa maofisa maalumu wa kuwapanga watu katika madaraja tisa kwa sifa zao, ila sifa iliyotangulia nyingine zote ilikuwa ni mtu kazaliwa na nani. Wafalme wa Sui, walioiunganisha China upya mwaka 589, walitaka watumishi ambao cheo chao kilitoka kwa mfalme, si kwa baba na babu zao. Mtihani uliwapa njia ya kuwapata.

Enzi ya Tang, iliyoanza 618, ilirithi utaratibu huo na kuupanua, hasa chini ya Wu Zetian, mwanamke pekee aliyewahi kutawala China kwa cheo kamili cha mfalme. (Wanawake wengine hawakuruhusiwa hata kukanyaga chumba cha mtihani, wakati wake wala baada yake.) Mitihani miwili ndiyo iliyotajwa zaidi. Ule wa mingjing ulipima kumbukumbu. Mtahini alifunika ukurasa wa kitabu kitakatifu cha wafuasi wa Confucius, akaacha mstari mmoja tu wazi, kisha akabandika kikaratasi juu ya maneno matatu ya mstari huo. Mtahiniwa alitakiwa kuyataja. Ule wa jinshi ulidai utungaji wa mashairi pamoja na insha kuhusu mambo ya utawala, na ulikuwa mgumu kiasi kwamba watu walisema aliyefaulu mingjing akiwa na miaka 30 amechelewa, ilhali aliyefaulu jinshi akiwa na miaka 50 bado ni kijana. Kwa kawaida waliofaulu jinshi kwa mwaka hawakufika hata 40.

Hata hivyo, mtihani wa Tang haukuwa wa siri. Majina yaliandikwa wazi juu ya karatasi, na msahihishaji alijua anasoma kazi ya nani. Vijana walizunguka mji mkuu wa Chang'an miezi kabla ya mtihani wakiwapelekea wakubwa tungo zao ili wajulikane. Mwenye mjomba barazani alikuwa amekwisha kupata nusu ya alama kabla ya kushika kalamu.

Mlango huo ulifungwa na enzi ya Song, na hapa ndipo mtihani ulipopata sura ambayo mwanafunzi yeyote wa leo angeitambua. Mwaka 992 iliamriwa kwamba katika mtihani wa mbele ya mfalme, majina ya watahiniwa yafunikwe kwa karatasi. Ikaonekana haitoshi, kwa kuwa wasahihishaji waliwatambua wanafunzi wao kwa mwandiko. Basi kuanzia mwaka 1015 ikaundwa ofisi ya wanukuzi: kila karatasi ilinakiliwa upya na karani, nakala ikalinganishwa na asili yake neno kwa neno, na msahihishaji akapewa nakala tu, yenye namba badala ya jina. Katika enzi zilizofuata mtahiniwa aliandika kwa wino mweusi na mnukuzi kwa wino mwekundu, hivyo karatasi ya asili iliyopenya hadi mezani kwa msahihishaji ingejulikana papo hapo.

Siri hiyo ilikuwa ya kweli, na mara nyingine iliwanasa hata walioisimamia. Mwaka 1057 msahihishaji mkuu alikuwa Ouyang Xiu, mwandishi mashuhuri wa zama zake. Inasimuliwa kwamba alikutana na insha moja juu ya adhabu na tuzo ambayo ilimpendeza kuliko zote, akadhani imeandikwa na mwanafunzi wake Zeng Gong. Kwa kuogopa kuonekana anapendelea, akaipa nafasi ya pili. Majina yalipofunuliwa, mwandishi alikuwa Su Shi, kijana kutoka Sichuan aliyekuwa bado hajulikani, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa China. Ndani ya insha hiyo mlikuwa na kisa cha mfalme wa kale ambacho Ouyang Xiu hakukumbuka kukisoma popote. Alipomuuliza Su Shi kimetoka kitabu gani, kijana alijibu kwamba alikisia tu mambo yangekuwaje. Wasahihishaji wengi wangemfelisha kwa jibu hilo; Ouyang Xiu alimsifu.

Ugomvi juu ya maswali ulipamba moto kizazi hichohicho. Waziri Wang Anshi aliona ni upuuzi kumpa mtu wilaya aiongoze kwa sababu anajua kupanga vina. Mwaka 1071 akaondoa mashairi kwenye mtihani wa jinshi, akaweka ufafanuzi wa vitabu vya kale na maswali ya utawala. Wapinzani wake, Su Shi akiwamo, hawakukana kwamba mashairi hayana faida ofisini. Hoja yao ilikuwa kwamba insha za siasa nazo haziwezi kumwonyesha ofisa mwema, na kwamba shairi angalau ni rahisi kulisahihisha, maana lina kanuni zake. Kundi la Wang Anshi lilipopoteza mamlaka mashairi yakarudi, na baadaye yakaondolewa tena.

Chini ya ukoo wa Ming, ulioanza kutawala 1368, mfumo ulikamilika na kuwa mzito. Ngazi zilikuwa tatu. Mtu alianzia wilayani, akifaulu akaitwa shengyuan na kusamehewa kazi za kulazimishwa. Kila baada ya miaka mitatu aliweza kujaribu mtihani wa jimbo, na akishinda akawa juren. Mwaka uliofuata juren wa nchi nzima walikutana mji mkuu kugombea ujinshi, na wachache waliofaulu walipangwa nafasi zao katika mtihani wa mwisho mbele ya mfalme. Kwa muda wote wa Ming, karibu miaka 276, waliopata ujinshi walikuwa zaidi kidogo ya 24,000; chini ya Qing, ukoo wa Wamanchu uliofuata, walikuwa zaidi ya 26,000. Waliobaki na ushengyuan maisha yao yote walihesabika kwa mamia ya maelfu.

Mtihani wa jimbo ulifanyika katika uwanja uliozungushiwa ukuta, ndani yake mna safu ndefu za vijumba vya matofali. Ule wa Nanjing, mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa na vijumba zaidi ya 20,000. Kijumba hakikuwa na mlango wala samani, bali mbao mbili tu zilizopachikwa ukutani: mchana moja ilikuwa meza na nyingine kiti, usiku zote mbili zikashushwa sambamba zikawa kitanda ambacho mtu mrefu hakuweza kukinyooshea miguu. Mtahiniwa aliingia na wino, brashi, mishumaa, sufuria, chakula, blanketi na ndoo ya haja, akapekuliwa mwili mzima langoni. Vikao vilikuwa vitatu, na kila kimoja kilichukua siku tatu na usiku mbili. Malango yalifungwa na hayakufunguliwa kwa sababu yoyote. Aliyekufa humo ndani alizungushiwa mkeka na maiti yake kupitishwa juu ya ukuta.

Kikao cha kwanza kilihusu Vitabu Vinne vya Confucius na wafuasi wake, kwa tafsiri ya mwanafalsafa Zhu Xi wa karne ya 12. Kikao cha tatu kilikuwa cha maswali ya utawala: historia ya enzi zilizopita, kodi na sarafu, maghala ya nafaka, mafuriko ya Mto Manjano, ulinzi wa mipaka, namna ya kuchagua maofisa. Kwa maandishi, huo ulikuwa mtihani mpana wa historia, jiografia na serikali. Kwa vitendo, msahihishaji mwenye maelfu ya karatasi na siku chache za kuzisoma alitazama insha za kikao cha kwanza, akaamua, na kuyapitia majibu mengine juujuu. Insha hizo, kuanzia mwishoni mwa karne ya 15, zilitakiwa kufuata umbo kali liitwalo bagu, lenye sehemu nane, nyingi zikiwa sentensi zinazokabiliana jozi kwa jozi. Gu Yanwu, msomi wa karne ya 17, aliona madhara ya bagu kwa elimu ni sawa na ya mfalme wa kwanza wa enzi ya kale ya Qin, aliyechoma vitabu. Alikuwa na haki ya kukasirika. Vijana waliacha kusoma vitabu vyenyewe wakawa wanakariri mikusanyo ya insha zilizokwisha kufaulu, iliyopigwa chapa na kuuzwa kwa bei nafuu katika kila mji.

Usawa nao ulikuja na matatizo ambayo kufunika majina hakuwezi kuyatibu. Mwaka 1397 orodha ya waliofaulu mtihani wa mji mkuu ilitoka ikiwa na majina zaidi ya 50, yote ya watu wa kusini. Kusini kulikuwa na utajiri, wachapaji na shule. Kaskazini kulikuwa kumeharibiwa na vita. Watu wa kaskazini walilalamika, na mfalme Hongwu akaagiza karatasi zisomwe upya. Wasomaji wa pili walirudisha matokeo yaleyale. Hongwu, aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuua, aliamuru baadhi yao wauawe, akamfukuzia mbali msahihishaji mkuu, mzee Liu Sanwu, kisha akatoa orodha mpya ya watu 61, wote wa kaskazini. Wasahihishaji huenda hawakufanya kosa lolote. Katika miaka ya 1420 dola ilitafuta suluhu ya kudumu kwa kutenga nafasi kwa kanda: kusini ipate asilimia 60 na kaskazini 40, mgawo uliorekebishwa mara kadhaa baadaye. Nchi za Afrika Mashariki zilizowahi kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa na wilaya ziliingia katika hesabu hiyohiyo.

Udanganyifu haukukoma. Makumbusho yanazo fulana za hariri na vijitabu vidogo kama kiganja, vimejaa maandishi yasiyosomeka bila kukaza macho. Wanafunzi wa Kenya wangeviita mwakenya. Wengine walilipa mtu awafanyie, au walipatana na msahihishaji neno fulani liwekwe mahali fulani katika insha ili aitambue. Adhabu iliweza kufika juu kabisa. Baada ya kashfa ya mtihani wa jimbo wa Beijing wa mwaka 1858, Bojun, mmoja wa mawaziri wakubwa wa dola na msahihishaji mkuu wa mwaka huo, alikatwa kichwa.

Waliofeli walikuwa wengi mno kuliko waliofaulu, na baadhi yao waliacha alama kubwa zaidi. Pu Songling alipata ushengyuan mwaka 1658, akiwa kijana wa miaka 18 na wa kwanza katika kila hatua. Kisha akajaribu mtihani wa jimbo maisha yake yote bila mafanikio, akiishi kwa kufundisha watoto wa matajiri na kuandika hadithi za majini na mbweha wanaogeuka wanawake, ambazo hadi leo zinasomwa kote China. Wasahihishaji wapumbavu wamejaa humo. Hong Xiuquan, kijana wa kabila la Hakka karibu na Guangzhou, hakufika hata ushengyuan. Alipofeli tena mwaka 1837 aliugua, akaona maono, na baada ya kuyafasiri kwa vijitabu vya Kikristo alivyokuwa amepewa mjini wakati wa mtihani, akajitangaza kuwa mdogo wake Yesu. Uasi wa Taiping aliouongoza kuanzia 1851 hadi 1864 uliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 20 au zaidi. Alipoitwaa Nanjing na kuifanya mji wake mkuu, naye alianzisha mitihani, maswali yakitolewa katika maandiko ya dini yake.

Wakati huo pengo katika maswali lilikuwa limekwisha kuonekana. Uingereza iliishinda China katika Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842, na maofisa waliojua kila vita vya enzi ya Han walijikuta hawajui Uingereza iko upande gani wa dunia. Wasomi wawili walijitahidi kuziba pengo hilo. Wei Yuan alitoa kitabu kikubwa cha jiografia ya nchi za ng'ambo katika miaka ya 1840, na Xu Jiyu, gavana wa Fujian, akatoa chake mwaka 1849. Xu alimsifu George Washington kwa kukataa ufalme, na maneno yake yalichongwa juu ya jiwe ambalo lipo hadi leo ndani ya mnara wa Washington huko Marekani. Nyumbani sifa hizo zilimletea lawama, akaondolewa ugavana. Mtihani wenyewe haukuguswa, na kijana mwenye akili hakuona sababu ya kusoma habari za dunia zisizo na alama.

Kilichoutikisa ni kushindwa na Japani mwaka 1895. Mwaka 1898 mfalme Guangxu alifuta bagu. Miezi michache baadaye mama mkubwa wa kifalme, Cixi, akamnyang'anya madaraka na kuirudisha. Kisha, mwaka 1900, majeshi ya mataifa manane yakaingia Beijing, uwanja wa mitihani ukaharibiwa, na Cixi mwenyewe akalazimika kukimbia. Mwaka 1901 aliafiki alichokataa. Kuanzia hapo kikao cha kwanza kilikuwa cha historia na siasa za China, cha pili cha siasa na elimu za mataifa ya dunia, na Vitabu Vinne vikasukumwa hadi cha tatu.

Mitihani miwili ya mwisho ya ujinshi, 1903 na 1904, ilifanyika Kaifeng kwa kuwa Beijing hapakuwa na uwanja. Maswali ya 1904 yanastahili kutazamwa kwa karibu. Moja lilisema kwamba Japani ilipoanza mageuzi iliajiri watu wa Magharibi ikazidi kupata nguvu, ilhali Misri iliajiri wageni zaidi ya elfu moja ikapoteza mamlaka juu ya fedha na mahakama zake. Mtahiniwa aeleze faida na hasara. Kulijibu ilibidi mtu ajue madeni ya mtawala wa Misri, Khedive Ismail, wakaguzi wa Kiingereza na Kifaransa waliowekwa juu ya hazina ya Misri kuanzia 1876, mahakama za mchanganyiko, na uvamizi wa Uingereza wa 1882. Swali jingine lilihusu Marekani kuwazuia vibarua wa Kichina: mkataba wa miaka kumi unakaribia kwisha, upingwe vipi kwa sheria ya mataifa? Hayo yalikuwa mambo ya mezani mwa serikali siku hizohizo. Watahiniwa wengi waliyajua kupitia magazeti na mikusanyo iliyochapwa haraka Shanghai, wakaikariri kama walivyokariri bagu.

Mageuzi hayo hayakupewa muda. Zhang Zhidong na Yuan Shikai, magavana wenye nguvu, walishikilia kwamba wazazi hawatapeleka watoto shule mpya maadamu njia ya zamani iko wazi. Tarehe 2 Septemba 1905 amri ikatoka ya kuufuta mtihani kuanzia mwaka uliofuata. Liu Chunlin, aliyeshika nafasi ya kwanza mwaka 1904 na hivyo kuwa wa mwisho kuishika katika historia, alipelekwa Japani kusoma sheria. Liu Dapeng, mwalimu wa kijijini huko Shanxi, aliandika katika shajara yake kukata tamaa kwa watu wa rika lake, ambao elimu yao ilikwisha thamani kwa siku moja. Miaka sita baada ya amri hiyo ufalme nao ulianguka.

Mtihani ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka zamani. Korea iliuanzisha mwaka 958 na Vietnam mwaka 1075, na Vietnam ndiyo iliyouacha mwisho, 1919. Ulaya ilisikia habari zake kwa wamisionari wa Kijesuiti, lakini Uingereza ilichelewa kuuiga. Thomas Taylor Meadows, mkalimani wa ubalozi mdogo wa Uingereza huko Guangzhou, alitoa kitabu mwaka 1847 akiihimiza nchi yake ifanye vivyo hivyo. Mwaka 1854 ripoti ya Northcote na Trevelyan ilipendekeza kazi za serikali zigombewe kwa mtihani, na kamati ya Thomas Macaulay ikapanga ule wa kuajiri watawala wa India, ulioanza 1855. Alama zake zinasema wazi nini kilithaminiwa: Kigiriki 750, Kilatini 750, Kisanskriti 375, Kiarabu 375. Ulifanyika London tu. Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, alifaulu mwaka 1863, na India yenyewe haikupata kituo cha mtihani huo hadi 1922.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini wanafunzi wa shule, na kufikia miaka ya 1860 karatasi zake zilikuwa zikisafirishwa kwa meli hadi Trinidad. Kwa njia hiyo mtihani wa maandishi ulifika Afrika Mashariki: vijana wa sekondari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifanya cheti cha Cambridge, majibu yakasahihishwa Uingereza, na aliyefaulu aliweza kutumaini nafasi Makerere na kazi serikalini. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa 1967. Tanzania ilijitoa 1971 na kuunda baraza lake 1973. Kenya ilifuata 1980 na Uganda 1983. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, iliunganisha historia na serikali kuwa somo moja la sekondari lenye karatasi mbili, ya kwanza juu ya Kenya na ya pili juu ya Afrika na dunia.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi, ikauhoji mtihani wenyewe. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Rais Julius Nyerere aliandika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukumbuka na kutoa ukweli pale unapotakiwa, na haipimi tabia wala utayari wa kutumikia wengine. Azimio la Musoma la 1974 likatekeleza hoja hiyo kwa kutaka anayeingia chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza, na awe na barua ya mwajiri na ya chama tawala inayothibitisha mwenendo wake. Yalikuwa tena mapendekezo, kama ya magavana wa Han. Katika miaka iliyofuata masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua, na alama za kidato cha sita zikarudi kuwa ndizo zinazoamua.